Riwaya Ikishageuka Duka: Kinachowaudhi Mashabiki Hasa

Riwaya pendwa ikianza kuuzwa kwa sura ya filamu, fulana, vikombe na michezo ya kompyuta, hapakosi mtu wa kusema, "Sasa wametanguliza pesa." Kauli hiyo ina ukweli wake, ila haifafanui kitu. Wanaoisema ndio hao hao waliopanga foleni usiku wa manane, Julai 21, 2007, wakisubiri kitabu cha saba cha Harry Potter, mvulana mchawi wa riwaya za J. K. Rowling, na Marekani peke yake zikaondoka nakala milioni 8.3 katika saa 24 za kwanza. Ndio wanaonunua fimbo za uchawi za plastiki na skafu zenye rangi za Gryffindor, bweni la Harry shuleni. Mtu aliyevaa skafu shingoni hana ugomvi na biashara kama biashara. Kinachomuudhi kiko kwingine, na huwezi kukiona mpaka ujue kwanza ni kitu gani kinachouzwa.

Mwandishi anapomaliza muswada, anakuwa ameshika fungu zima la haki, na kila haki yaweza kwenda kwa mnunuzi wake. Haki ya kuchapisha hukatwa kwa nchi na kwa lugha. Ya filamu huenda huku, ya maigizo kule, ya vitabu vya kusikiliza kwa mwingine. J. K. Rowling alianza na mchapishaji Bloomsbury wa London mwaka 1997, na toleo la kwanza la jalada gumu lilikuwa nakala 500 tu, 300 kati yake zikaenda maktaba. Mwaka huo huo Scholastic ikanunua haki ya kuchapisha Marekani kwa dola 105,000, pesa iliyowashangaza watu wa vitabu, maana kitabu kilikuwa cha watoto na mwandishi hajulikani. Haki za filamu zikaenda studio ya Warner Bros., zikifuatana na haki ya kutengeneza bidhaa. Vitabu vya kielektroniki Rowling alijibakizia. Ilipofika Machi 2012 akaviuza kupitia tovuti yake, Pottermore, na hata Amazon ikabidi iwaelekeze wateja wake huko.

Mwenye haki si lazima awe ndiye anayefaidi kila mahali. Kitabu kile cha saba kilipotoka, bei yake ya jaladani Uingereza ilikuwa pauni 17.99, lakini supamaketi za Asda zilikiuza kwa pauni 5 ili kuvuta watu waingie ndani. Duka dogo la vitabu, ambalo miaka kumi nyuma ndilo lililokuwa likimwambia kila mteja "msome huyu", halikuweza kabisa kushindana na bei hiyo. Kitabu kilichouzwa kuliko vyote kiliwaachia wauza vitabu wengi faida ndogo mno. Jambo hili halikuzua kelele kubwa, kwa sababu msomaji alikuwa anapata kitabu kwa bei nafuu.

Kilichoandikwa katika mkataba ndicho huzaa kesi baadaye. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit na The Lord of the Rings, aliuza haki za filamu za riwaya zake kwa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1969. Bidhaa zilizowaziwa wakati ule ni vitu vya kushikika: sanamu ndogo, vyombo vya mezani, vifaa vya kuandikia, nguo. Hapakuwa na intaneti ya kuwaza. Haki hizo zikauzwa tena na tena, na miaka zaidi ya 40 baadaye majina ya mahobiti, watu wafupi wa riwaya hizo, yakatokea kwenye mashine za kamari. Novemba 2012 wasimamizi wa mirathi ya Tolkien, pamoja na mchapishaji HarperCollins, wakaishtaki Warner Bros. huko Los Angeles wakidai dola milioni 80: mkataba uliruhusu vitu vya kushikika, wakasema, haukuruhusu kamari wala michezo ya mtandaoni. Katika hati ya mashtaka walitaja hasira ya wasomaji wa Tolkien kama sehemu ya hasara waliyopata. Kwa maneno mengine, manung'uniko ya mashabiki yalipewa thamani ya pesa mahakamani. Pande mbili zilipatana mwaka 2017.

Kuna tofauti moja ambayo wengi huiruka, na bila kuielewa huwezi kufuata ugomvi wowote wa aina hii. Hakimiliki hulinda maandishi yenyewe: sentensi, matukio, wahusika kama walivyochorwa. Huja yenyewe kazi inapoandikwa, na ina mwisho wake. Alama ya biashara hulinda jina au nembo inayomwambia mnunuzi bidhaa hii imetoka kwa nani. Jina "Harry Potter" ni alama ya biashara iliyosajiliwa kwa fulana, vinyago, peremende na vitu chungu nzima. Mwenye alama hutakiwa ailinde, kwani akiachia kila mtu aitumie yaweza kupungua nguvu, na siku moja mahakama itamuuliza alikuwa wapi. Kwa hiyo wakili wa alama za biashara hulipwa kuwa mkali. Kwake, ukali ni sehemu ya kazi.

Hapo ndipo yalipoanzia yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2000. Filamu ya kwanza ilikuwa imebakiza karibu mwaka mmoja kutoka, na Warner Bros. ilikuwa inakusanya anwani zote za tovuti zenye majina ya riwaya. Barua zikatumwa. Moja ilimfikia msichana wa miaka 15 nchini Uingereza aliyekuwa ameanzisha tovuti ya mwongozo wa vitabu hivyo kwa mapenzi yake tu. Ilimwambia kwamba kusajili anwani ile kunaweza kuwachanganya wateja na kudhoofisha haki za kampuni, kwa hiyo aikabidhi, na asipofanya hivyo mawakili watachukua hatua. Kwa kampuni, ile ilikuwa barua ya kawaida. Kulikuwa na watu waliosajili majina ya filamu ili wayauze kwa bei ya kuruka, na barua kwao ilikuwa halali kabisa. Kosa ni kwamba karatasi ile ile ilimwendea mfanyabiashara wa majina na mtoto wa shule.

Msichana na wazazi wake wakapeleka habari kwenye magazeti. London watu wazima wawili watatu wakaanzisha kampeni ya kuwatetea wenye tovuti; Marekani msichana mwingine, aliyekuwa akiendesha gazeti la mtandaoni la mashabiki, akaongoza harakati za kususia bidhaa za filamu na akafika hadi kwenye televisheni kubishana na watu wazima. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa na ngumu kuijibu: sisi ndio tuliokutangazieni kitabu hiki bure, tena mkiwa hamjatujua. Hawakuomba chochote ila waachwe. Mwaka 2001 kampuni ikalegeza kamba, tovuti zisizo za biashara zikaachwa ziendelee, na baadaye watu wake wakakiri kwamba hawakuwa wamewaelewa mashabiki wa aina ile. Kususia kwenyewe hakukuwa na muda wa kupunguza mauzo yoyote. Kilichoiumiza kampuni ni picha: studio kubwa ya Hollywood inamtisha mtoto kwa sababu anapenda kitabu chake.

Ukiliweka tukio hilo wazi, unapata kile ninachoona ndicho kiini. Mashabiki hufanya kazi. Wanaandika muhtasari, wanachora, wanatafsiri, wanasahihishana tarehe, wanatunga hadithi zao ndani ya ulimwengu wa mwandishi. Kazi hiyo hutolewa bure na hupokelewa bure, na bei yake pekee ni heshima. Kampuni ikiuza kitu chake, shabiki ananunua au anapita. Ikija kudai kile alichokitengeneza yeye, anahisi ameporwa, hata kama sheria haimpi haki yoyote.

Na ushahidi kwamba jambo lenyewe ndilo hili, wala si chuki dhidi ya makampuni, ni kwamba mashabiki humgeukia shabiki mwenzao akivunja kanuni hiyo hiyo. Mfano wake ni kesi ya kamusi ya Harry Potter. Ilianza kama tovuti ya bure, hazina kubwa ya majina, mahali na viapizo, na Rowling mwenyewe aliwahi kuisifu na kusema alikuwa akiichungulia kuhakiki mambo anapoandika. Mwaka 2007 mchapishaji mdogo wa Michigan, RDR Books, akataka kuichapa iwe kitabu cha kuuzwa. Rowling na Warner Bros. wakaenda mahakamani New York, na Aprili 2008 mwandishi akapanda kizimbani mwenyewe kutoa ushahidi.

Septemba 8, 2008 Jaji Robert Patterson alizuia kitabu hicho, akisema kilinyanyua maneno mengi mno ya mwandishi kuliko yaliyohitajika. Fidia ilikuwa dola 6,750: dola 750 kwa kila kimoja cha vitabu saba vya riwaya na vile viwili vidogo vya ziada. Kwa mali yenye ukubwa ule, hizo ni pesa za nauli. Lakini hukumu ilikuwa na upande wa pili ambao vichwa vya habari viliupita haraka. Jaji alisema pia kwamba vitabu vya marejeo kuhusu riwaya vina manufaa kwa wasomaji, na kwamba mwandishi hana haki ya kuvizuia vyote eti kwa kuwa ulimwengu ule ni wake. Kamusi ikaandikwa upya, ikapunguza kunakili na kuongeza ufafanuzi, ikatoka Januari 2009. Wakati wa kesi mashabiki wengi walisimama upande wa Rowling. Hawakupenda kuona orodha iliyojengwa na jamii nzima ikifungwa jaladani na kuwekewa bei.

Hasira ya namna hiyo ilirudi mwaka 2011 na 2012, pale hadithi ya mtandaoni iliyotungwa juu ya wahusika wa Twilight, riwaya za mapenzi za Stephenie Meyer, ilipobadilishwa majina na kuwa Fifty Shades of Grey. Wasomaji wa mwanzo walikuwa wameisoma sura kwa sura, wakitoa maoni na kumtia moyo mwandishi. Mfululizo huo ukauza nakala zaidi ya milioni 100. Sheria haikuwa na neno, maana majina yalikuwa yamebadilika na mwenye Twilight hakushtaki. Waliolalamika ni wale waliosoma bure wakati bado ni yao.

Huo ni mkondo mmoja wa malalamiko. Mkondo wa pili hauhusu umiliki, unahusu maana, yaani bidhaa inaposema kinyume cha hadithi. Kwa hili hakuna mfano unaozidi The Hunger Games. Riwaya zile zinahusu mji tajiri, Capitol, unaojipamba kwa vipodozi na mavazi ya ajabu huku ukiwatazama watoto wa wilaya maskini wakiuana kwenye televisheni. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2013, CoverGirl ikaja na vipodozi vilivyobeba jina la Capitol, kila wilaya na mtindo wake wa kupaka uso. Aliyesoma ukurasa mmoja tu wa kitabu angejua kwamba mtumiaji wa vipodozi hivyo ndiye anayeshutumiwa. Wapo waliosema huo ulikuwa mzaha wa makusudi. Mimi naona mtu wa mauzo aliona rangi akafurahi, basi.

Harry Potter nayo ilipitia hapo mapema. Mwaka 2001 Coca-Cola ilipata haki ya kutangaza pamoja na filamu ya kwanza kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 150, na wanaharakati wa lishe Marekani wakaanzisha kampeni wakisema mvulana yule anatumiwa kuwauzia watoto sukari. Lakini lililonivutia zaidi ni lile la chokoleti, kwa kuwa humo mashabiki hawakuikataa bidhaa hata kidogo. Chama chao, Harry Potter Alliance, kilichoanzishwa mwaka 2005, kilitaka chokoleti zinazouzwa kwa jina la riwaya zitokane na kakao isiyo na jasho la watoto wanaotumikishwa. Wakamkumbusha Warner kwamba katika kitabu kuna Hermione, rafiki yake Harry, anayepigania viumbe wa kichawi wanaotumikishwa majumbani bila mshahara. Ungewezaje kuuza peremende ya Hermione huku ukimpuuza Hermione? Waliandika barua, wakakusanya saini, wakasumbua kwa miaka zaidi ya minne. Januari 2015 kampuni ikaahidi kwamba ifikapo mwisho wa mwaka huo chokoleti zote za Harry Potter zitakuwa na cheti cha biashara ya haki (Fair Trade) au cha UTZ, mpango wa kilimo endelevu.

Linganisha ushindi huo na uliokuja miaka minane baadaye, au tuseme ulioshindikana. Juni 2020 Rowling alitoa maoni yake kuhusu jinsia na watu waliobadili jinsia, na mashabiki wengi waliumizwa nayo. Julai mwaka huo tovuti mbili kongwe za mashabiki, MuggleNet na The Leaky Cauldron, zikatangaza kwamba hazitaweka tena picha zake wala kuelekeza wasomaji kwenye tovuti yake. Mchezo wa kompyuta wa Hogwarts Legacy, unaotokana na ulimwengu wa riwaya hizo, ulipotoka Februari 2023, mitandao ilijaa wito wa kuususia. Mchezo ukauza nakala zaidi ya milioni 12 katika wiki mbili, wenye thamani ya dola milioni 850.

Kwa nini kampeni ya watoto wachache ilifaulu mwaka 2001, na kelele kubwa namna hii ikashindwa? Kwanza, safari hii mashabiki wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Wengine walikubaliana na mwandishi, wengine walimpinga lakini wakasema hawatamwachia utoto wao, na walio wengi hawakuwa wakifuatilia mjadala. Pili, ulimwengu ule umeshapita kundi la mashabiki kindakindaki. Bustani ya burudani ya Harry Potter ilifunguliwa Orlando Juni 2010, studio za Leavesden karibu na London, zilikotengenezwa filamu, zikaanza kupokea wageni mwaka 2012, tamthilia ya jukwaani ikaanza London mwaka 2016. Familia inayokata tiketi za huko haijui tovuti kongwe ilisema nini. Tatu, na hili ndilo zito, madai ya mwaka 2001 na yale ya chokoleti yalikuwa na kitu mahususi ambacho kampuni ingeweza kukitoa: ondoa barua, badilisha kakao. Aliyesusia mwaka 2023 alitaka mwandishi asilipwe, na mwandishi ndiye mwenye hakimiliki. Hakuna meneja mwenye uwezo wa kukubali ombi hilo.

Kwa hiyo wale waliotaka kujitenga ilibidi waondoke wao. Mchezo wa kukimbia na fagio katikati ya miguu, ulioanzishwa chuoni Middlebury, Vermont, mwaka 2005, ulibadilishwa jina Julai 2022 kutoka quidditch, jina la mchezo wa wachawi riwayani, kuwa quadball. Viongozi wake walitoa sababu mbili bila kuficha: misimamo ya mwandishi, na ukweli kwamba jina la zamani ni alama ya biashara ya Warner Bros., jambo lililowazuia kupata wadhamini na matangazo ya televisheni. Wachezaji walikuwa wametoa jasho miaka 17 chini ya jina ambalo lisingekuwa lao kamwe. Miji midogo ya Marekani iliyokuwa na matamasha ya wachawi nayo ilionja hayo mwaka 2018, ilipoambiwa na kampuni iache kutumia majina ya riwaya kwenye sherehe zake.

Hata hivyo kuna silaha moja ya mashabiki ambayo haina bango wala kiongozi, nayo ni kuchoka. Filamu za Fantastic Beasts, zilizo katika ulimwengu huo huo wa Harry Potter, zilipangwa ziwe tano. Ya kwanza, mwaka 2016, iliingiza dola milioni 814 hivi. Ya pili, mwaka 2018, milioni 654. Ya tatu, mwaka 2022, milioni 407. Ya nne haijatengenezwa. Hapakuwa na kampeni moja iliyoziangusha. Watu waliona hadithi imekonda wakabaki nyumbani. Warner ikarudi kisimani: Aprili 2023 ikatangaza kwamba vitabu vile vile saba vitasimuliwa upya, sasa kwa tamthilia ya televisheni.

Mgawanyo huu wa nguvu utaendelea hadi lini? Hakimiliki ina tarehe, na historia ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Arthur Conan Doyle, inaonyesha jinsi wenye mali wanavyoipigania dakika za mwisho. Conan Doyle alifariki mwaka 1930, na haki zake Uingereza zikaisha mwaka 2000, lakini Marekani hadithi kumi za mwisho zilibaki kulindwa. Mwaka 2013 Leslie Klinger, wakili na mpenzi mkubwa wa Holmes, alikataa kulipia leseni ya kitabu cha hadithi mpya. Kwa kitabu kilichotangulia mchapishaji alikuwa amelipa dola 5,000 ili kuepuka usumbufu. Klinger alikwenda mahakamani, akashinda, na mwaka 2014 Jaji Richard Posner wa mahakama ya rufaa aliwakemea wasimamizi wa mirathi kwa kutoza watu kwa kitu ambacho tayari kilikuwa cha umma. Hawakukoma. Mwaka 2020 waliishtaki Netflix wakidai kwamba Holmes mwenye hisia na huruma anapatikana tu katika hadithi zile za mwisho, kwa hiyo filamu inayomwonyesha akiwa mpole imeiba. Kesi ilifutwa mwaka huo huo, na Januari 1, 2023 hadithi za mwisho nazo zikawa huru Marekani.

Kwa Harry Potter saa hiyo bado haijaanza kuhesabu, maana Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Ikiisha, mtu yeyote ataweza kuchapisha riwaya zile, kuzitafsiri au kuziandikia muendelezo bila kumwomba mtu. Fulana yenye jina hilo kifuani ni suala jingine, kwa kuwa alama ya biashara husajiliwa upya kila baada ya miaka 10, na sheria haikuweka idadi ya mara.